Mstari mmoja wa DNA haujaoana, mtoto si wangu?

SWALI: Dokta habari za kazi. Nimepima DNA mimi, mwanangu na mama yake, majibu yamekuja jedwali la namba namba tu. Mistari yote inaoana kasoro mmoja umeandikwa D18S51, mtoto ana 14 na 17, mama 14 na 15, mimi 16 na 20. Dada zangu washaanza maneno. Ni wangu au sio? – Baba wa Watatu, Mwanza

JIBU: Baba, usifukuze mtu bado. Hizo namba ni hesabu ya marudio. Kwenye DNA kuna sehemu herufi zinajirudia tu, mfano maka (sehemu ya DNA inayopimwa, ndo kila mstari wa jedwali lako) ya TH01 inaenda AATG AATG AATG, mmoja anazo 6 mwingine 9, hazikufanyi mrefu wala mweupe ila zinarithiwa, moja ya mama moja ya baba. Ndo wanaita STR. Sasa 14 mwanao kaitoa kwa mama, 17 inatakiwa itoke kwa baba na wewe una 16, yani mmepishana hatua moja, na hiyo hutokea, mwili ukiwa unanakili DNA ya kutengeneza mbegu unateleza unaongeza rudio moja, kwetu wanaume zaidi kuliko wanawake. Ingegoma mistari minne mitano tungeongea lugha nyingine. Soma chini ya ripoti wameandika asilimia ngapi kwamba wewe ndo baba, maabara wakiwa na shaka wanaongeza maka. Dada zako waambie wasubiri.

SWALI: Kaka yetu kafariki, kazikwa, sasa katokea kijana na binti wanadai ni watoto wake. Mimi mdogo wake, baba mmoja mama mmoja, naweza kupimwa badala yake? – Wa Tanga

JIBU: Kwa kijana inawezekana. Kromosomu Y, kifurushi cha DNA cha wanaume, inatoka kwa baba inaenda kwa mtoto wa kiume karibu kama ilivyo, so wewe na marehemu mna moja, zinasomwa STR za huko kwenye Y. Ila jamani hiyo inataja ukoo tu, haisemi baba ni kaka yako au ni wewe, kama na wewe ulikuwa unapitapita mtaa ule hahaha shauri yako.

Binti hana Y. Mama yenu yupo hai? Apimwe yeye. Binti anapewa kromosomu X ya baba yake nzima, na baba aliitoa kwa mama yake, kwahiyo kila maka ya X binti lazima awe na namba moja inayoonekana kwa bibi, zikigoma nyingi basi huyo si mjukuu. DNA ya mitokondria, ile ya nje ya kiini cha seli, achaneni nayo, inapita kwa mama tu, marehemu hakumpa mtoto yeyote. Na vile vipimo vya kutafuta asili ya ukoo vya kuagiza mtandaoni vinasoma SNP, herufi mojamoja laki kadhaa, vizuri kutafuta ndugu ila kesi ya mirathi mahakama itataka sampuli iliyochukuliwa kwa utaratibu wake. Bibi mwambieni asiogope, ni pamba tu inapitishwa ndani ya shavu, hachomwi sindano.