Maswali ya Wasomaji: Safari ya kwenda kusomea ubunifu majengo

Barua zilizotufikia safari hii kutoka Mwanza, Sengerema na Ukerewe zinazunguka jambo moja: nifanyeje nifike darasa la ubunifu majengo, ile kazi ambayo mtaani tunamwita mwenyewe "mchora ramani". Tumejibu zile zilizouliza kwa undani.

Shikamoo wahariri. Niko kidato cha nne, naishi Igoma. Tangu shule ya msingi nasifiwa kwa kuchora. Kaka yangu anasema kwa kuwa najua kuchora nichague masomo ya sanaa, eti ubunifu majengo ni sanaa. Nimsikilize?

Marahaba binti. Kaka ana nia njema, ila hapo anakupoteza njia. Mkono wa kuchora utakufaa sana ukishaingia studio, yaani darasa la kuchorea la chuo, lakini siyo unaokufungulia mlango. Mlango unafunguliwa na hisabati ya kidato cha tano na sita, ikifuatwa na fizikia. Kwa hiyo tahasusi, yaani michepuo ya masomo, zilizo salama ni PCM (fizikia, kemia, hisabati) na PGM (fizikia, jiografia, hisabati). Tangu 2024 orodha ya tahasusi imekuwa ndefu na zipo zenye majina ya kuvutia. Kabla hujavutwa na jina, uliza swali moja tu: ndani yake mna hisabati ya juu?

Uliza hivyo kwa sababu kuna mtego. Wanafunzi wa PCB (fizikia, kemia, biolojia) na wenzao husoma hisabati inayoitwa BAM, kisha huamini kwamba "na mimi nimesoma hisabati". BAM ni somo la nyongeza. Hata ukipata alama nzuri, haihesabiwi kama somo kuu kwenye udahili wa chuo kikuu. Kila mwaka wapo wanaoligundua hili matokeo yakiwa tayari mkononi, na hapo hakuna la kufanya.

Kuhusu alama, A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kiwango cha chini cha TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu, kwa kawaida ni masomo mawili makuu yenye jumla ya pointi 4, yaani D mbili, au C na E. Kiwango hicho kinakupa ruhusa ya kuomba tu. Nafasi za studio ni chache na kila meza ina mtu wake, hivyo wenye pointi nyingi hutangulia. Kila mwaka TCU hutoa mwongozo wa udahili. Tafuta mstari wa shahada ya ubunifu majengo ya Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, na ule wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST), usome masomo yanayotajwa humo neno kwa neno. Ardhi kozi hii ni miaka 5, siyo 3 au 4 kama kozi nyingi nyingine. Jua hilo mapema, na mzazi naye alijue.

Kama ulijaza tahasusi nyingine kwenye selform, ile fomu ya kuchagua masomo na shule, mfumo wa TAMISEMI hufunguliwa kwa muda baada ya matokeo ili wanafunzi wabadilishe. Usingoje siku ya mwisho, mtandao hulemewa.

Ndugu mhariri, kijana wangu hakuchaguliwa kidato cha tano. Fundi mmoja hapa Sengerema ameniambia diploma haimfikishi mtu chuo kikuu. Ni kweli? (Mzazi)

Si kweli, mzazi mwenzetu. Stashahada ya kawaida, ndiyo hiyo diploma, inachukua miaka 3, kuanzia ngazi ya 4 hadi ya 6 ya elimu ya ufundi, na anayemaliza na GPA (wastani wa alama zake zote) ya 3.0 au zaidi anaruhusiwa kuomba shahada. Ila iwe stashahada ya fani inayohusiana, kama ubunifu majengo au uhandisi ujenzi, na chuo kiwe kimesajiliwa na NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi. Hakiki usajili huo kwenye tovuti yao kabla hujalipa hata shilingi.

Wanaopita njia hii huingia mwaka wa kwanza wakiwa tayari wanajua kusoma mchoro na kutofautisha nondo ya milimita 12 na ya 16. Wanapokwama ni hesabu. Basi katika miaka hiyo 3 asiitupe hisabati. Muhula wa kwanza nao asiuchezee, kwa maana GPA ikianza na 2.4 kuipandisha hadi 3.0 ni kazi nzito.

Nimemaliza kidato cha sita Mei, chuo ni hadi Oktoba. Nifanye nini hapa katikati? Nina daftari limejaa michoro ya majumba ya kifahari. (Kijana wa Nyakato)

Daftari hilo liweke kando kwanza. Azima tepu ya mita 5 kwa fundi, chukua penseli ya HB na ya 2B, rula, bikari na karatasi za A3. Kisha pima chumba unacholala.

Anza kwa kukichora kwa mkono, bila rula, ukubwa wa ukurasa mzima, ili vipimo vipate pa kuandikwa. Pima kuta zikiwa kimo cha kama mita 1 kutoka sakafuni, tepu ikiwa imekazwa, maana tepu iliyolegea inakudanganya kwa kuongeza. Milango na madirisha usiyapime kimoja kimoja ukajumlisha. Tepu ikae kwenye kona ileile moja: mlango unaanza milimita 420, unaishia 1,320, dirisha linaanza 1,900. Ukijumlisha vipande, kosa la milimita 5 kwenye kila kipande linakuwa sentimita 2 au 3 ukifika mwisho wa ukuta.

Halafu pima ulalo, kona kwa kona, zote mbili. Tuseme chumba ni mita 3 kwa 4. Mafundi wana ile tatu-nne-tano yao: ulalo ukiwa mita 5 pande zote, kona zimenyooka. Wewe utapata, kwa mfano, milimita 4,940 na 5,060. Chumba kimepinda. Hapo ndipo wengi hukosea, wanachora mstatili safi kwa sababu "chumba ni mstatili". Chora ulichopima. Kwa skeli ya 1:50, ukuta wa mita 4 ni milimita 80 kwenye karatasi na ule wa mita 3 ni milimita 60. Chora ukuta wa 80, weka bikari ncha moja uchore tao la 60, weka ncha ya pili uchore tao la ulalo, yaani 4,940 gawa kwa 50, sawa na 98.8. Matao yanapokutana ndipo ilipo kona ya tatu.

Kosa la pili ni kuchora ukuta kwa mstari mmoja. Tofali la inchi 6 ni milimita 150, plasta kama 15 kila upande, jumla 180. Kwenye 1:50 hiyo ni milimita 3.6, na lazima ionekane. Kuta, ambazo kwenye ramani huonekana kana kwamba zimekatwa, zichore kwa mstari mzito wa 2B. Kitanda na kabati viwe kwa mstari mwembamba. Onyesha mlango unafungukia wapi. Utashangaa ni vyumba vingapi mlango wake unagonga kitanda.

Ukimaliza ramani, chora mkato, yaani chumba kinavyoonekana kama kimekatwa wima: sakafu, kimo cha dirisha kutoka chini, lenta (boriti ya juu ya mlango na dirisha), dari. Baada ya chumba, nenda kwenye ngazi. Milima ya Mwanza imejaa ngazi, za zege na za mawe. Pima kimo cha kila kidato na upana wa kanyagio. Kimo mara mbili ukijumlisha na kanyagio, jibu likiwa kati ya milimita 600 na 630 mguu unapanda bila kufikiri: 170 mara mbili na 280 ni 620. Utakuta ngazi ambayo vidato vyote ni 160 isipokuwa cha mwisho, 200. Kaa pembeni dakika kumi uone watu wanavyojikwaa palepale.

Ukipata nauli ya Kisesa, fika Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma. Kuna banda la watemi lililojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi, na kuna nyumba za msonge, zile za duara. Msonge haupimwi kwa ulalo. Zungusha tepu nje ya ukuta. Ukipata mita 18.85, gawa kwa 3.14, kipenyo ni mita 6. Unene wa ukuta upime mlangoni. Omba ruhusa kwanza.

Michoro kumi ya aina hii ina maana kuliko daftari zima la majumba ya kifahari, na siku ukiomba mafunzo kwa vitendo ofisini, ndiyo watakayoitazama.

Nipo Ukerewe, sina kompyuta. Ninunue ipi kabla ya kwenda chuo?

Usinunue sasa. Mwaka wa kwanza kazi kubwa ni ya mkono: penseli, kadibodi, kisu na gundi. Fedha hiyo itunze hadi ujue wanafunzi wa darasa lako wanatumia programu gani, AutoCAD, ArchiCAD au nyingine. Ukifika wakati huo, tafuta yenye RAM ya GB 16 na diski ya SSD. Mashine ya GB 4 inayouzwa kama "ya mwanafunzi" itakwama usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha kazi.

Nasoma PGM. Wenzangu wa PCM wananicheka, eti jiografia itanisaidia nini kwenye majengo?

Waulize jua la saa sita liko wapi mwezi Juni. Mwanza iko karibu nyuzi 2.5 kusini mwa Ikweta. Juni jua la mchana linaegemea kaskazini kama nyuzi 26 kutoka utosini, Desemba linahamia kusini kama nyuzi 21. Kwa hiyo ukuta unaotazama kaskazini, upenu wa mita 1 unautia kivuli karibu mita 2 kushuka chini. Dirisha limepona. Ukuta wa magharibi ni habari nyingine. Saa kumi na moja jioni jua liko chini, na upenu uleule unatia kivuli nusu mita tu. Tena saa zetu zinafuata mstari wa nyuzi 45 mashariki na Mwanza iko karibu na 33, hivyo jua linafika juu kabisa saa saba kasoro dakika kama kumi, na jioni inakuwa ndefu. Chumba cha kulala cha upande wa magharibi Nyegezi kinakuwa tanuri hadi usiku. Kinga yake ni mti, baraza pana, au kuweka choo na stoo upande huo. Hiyo ni jiografia.

Mkopo unagusa vifaa vya kuchorea? Baba ni mvuvi, hana mshahara.

Bodi ya Mikopo ina kipengele cha mahitaji maalumu ya kitivo, mbali na chakula, malazi na ada, na kwa fani yako kipengele hicho ndicho muhimu. Linalokwamisha wengi ni karatasi. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na cha kifo cha mzazi pia kama yupo aliyefariki. Majina kwenye cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne yakipishana hata herufi moja, shughulikia sasa, usingoje dirisha la maombi lifunguke. Na ukichaguliwa na vyuo viwili, thibitisha kimoja kwa namba ya siri utakayotumiwa kwenye simu. Usipothibitisha kwa wakati, nafasi inapotea.

Familia yetu ina kiwanja Isamilo, mlimani, kina mawe makubwa. Nataka kukitumia kama zoezi kabla sijaanza chuo. Nianzie wapi?

Zoezi zuri kuliko lolote tulilotaja, mradi tukumbushane kwamba kibali cha ujenzi kinataka mchoro wa mtaalamu aliyesajiliwa, siyo wako. Anza kwa kupima mteremko. Nunua mpira wa plastiki unaoona ndani, mita 15, ujaze maji na utoe mapovu yote. Povu moja likibaki, vipimo vyote ni uongo. Ncha zote mbili ziwe wazi unaposoma, usizizibe kwa kidole.

Simamisha vigingi vya miti kila baada ya mita 2 kushuka mlima. Kwenye kigingi cha juu maji yakisimama mita 1.20 kutoka ardhini na kwenye cha pili mita 1.60, ardhi imeshuka sentimita 40. Endelea hivyo hadi mita 12. Tuseme jumla imeshuka mita 2.4, yaani 1 kwa 5. Chora mkato wa 1:100: milimita 120 kwenda mbele, 24 kushuka.

Sasa weka nyumba juu yake. Ukitaka sakafu moja usawa wa juu, upande wa chini utajaza kifusi cha mita 2.4. Kifusi hutitia, jamvi (sakafu ya zege) hupasuka, na ukuta wa msingi husukumwa nje. Ukitaka kuchimba upande wa juu, baada ya udongo mdogo utakutana na itale, mwamba mgumu. Igawe nyumba sehemu mbili, kila moja mita 6, zikipishana mita 1.2. Ngazi kati yake ni vidato 8 vya milimita 150. Angalia hapa: vidato 8 vina makanyagio 7, kwa kuwa la nane ni sakafu yenyewe. Makanyagio 7 ya milimita 300 ni mita 2.1. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza huchora 8, kisha wanashangaa ngazi imeingia chumbani.

Mwisho, mawe. Kila jiwe liweke kwenye ramani, na usidhani kwamba jiwe kubwa ni mwamba. Mengine yamekaa tu juu ya udongo, na kuyatambua ni kazi ya mhandisi baada ya kuchimba pembeni. Ukuta mmoja ukilala nusu juu ya mwamba na nusu juu ya udongo, upande wa udongo utashuka na ufa utatokea palepale vinapokutana. Chora mstari wa makutano hayo kwa kalamu nyekundu, kisha panga nyumba ili mwanya unaotenganisha sehemu zako mbili upite juu yake.