Picha imeonyesha "mwiba" kisiginoni: je, ukatwe?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina miaka 43, ni mama lishe, nasimama kwenye sakafu ya saruji tangu alfajiri hadi saa tisa mchana. Huu mwezi wa nne kisigino cha kulia kinaniuma. Nikiamka, hatua za kwanza ni kama nakanyaga msumari. Nikizungukazunguka panapoa, jioni maumivu yanarudi. Nilipiga eksirei nikaambiwa kuna mfupa umeota kama mwiba. Jirani anasema ni baridi imeingia, shemeji anataka nikafanyiwe upasuaji. Nifuate lipi?

JIBU: Marahaba, dada. Kisu kisubiri kwanza.

Hizo hatua za kwanza za asubuhi zimenieleza mengi kuliko picha. Chini ya wayo kuna utando mgumu, kama mkanda, unaotoka kwenye mfupa wa kisigino hadi kwenye vidole. Ukisimama kutwa, mwili ukiwa mzito au kiatu kikiwa bapa, unachoka na kuumia pale uliposhikana na mfupa. Usiku unapumzika ukiwa umelegea. Asubuhi unauvuta kwa ghafla na uzito wote wa mwili. Hospitali wanaita plantafashaitisi.

Huo mwiba usikutishe. Wako watu wengi wanaotembea nao na hawajawahi kuumwa hata siku moja, na wapo wanaochechemea ilhali picha yao ni safi. Wengi maumivu huisha na mwiba ukabaki palepale. Na baridi, mwambie jirani, haiingii mifupani. Tatizo la sakafu yako ni ugumu.

Dawa yenyewe haina mvuto, ndiyo maana wengi huiacha njiani. Kabla hujashusha miguu kitandani, pitisha khanga chini ya vidole, vivute kuelekea kwako, hesabu hadi 30, rudia mara tatu. Ukiupapasa wayo wakati huo utausikia utando umekaza kama kamba. Mchana na jioni, simama ukishika ukuta, mguu unaouma ukiwa nyuma, goti limenyooka, kisigino kimegusa chini, mpaka shavu la mguu livutike. Hesabu zilezile. Shavu la mguu lililokaza huuonea huu utando. Ukifunga kazi, gandisha chupa ya maji, ifunge kitambaa, iviringishe chini ya wayo kwa dakika 10. (Mwenye kisukari na ganzi miguuni asiguse hiyo barafu.)

Kandambili zilizolika achana nazo, hata ndani ya nyumba. Vaa raba au sandali yenye soli nene na kisigino kilichoinuka kidogo. Pale jikoni kunja zulia kuukuu ulikanyage, na vitunguu si lazima uvikate umesimama.

Dawa za maumivu kama ibuprofeni ni za siku chache tu, na mwenye vidonda vya tumbo, figo au presha aulize kwanza. Sindano ya steroidi hutuliza kwa wiki kadhaa, lakini inaweza kudhoofisha utando hadi ukakatika, kwa hiyo mimi huiweka mbali. Nafuu ihesabu kwa wiki, kupona kwa miezi. Wengine hufika mwaka.

Ila kama maumivu yako nyuma ya kisigino, juu ya kiatu, huo ni ukano mkubwa wa mguu, habari nyingine. Ukihisi moto na ganzi, huenda mshipa wa fahamu umebanwa. Kisigino kikiuma unapokibana pande zote mbili kwa viganja, mfupa unaweza kuwa na ufa. Na kijana anayeumwa visigino vyote viwili huku mgongo ukikakamaa asubuhi, apimwe ugonjwa wa uvimbe wa viungo na uti wa mgongo (wengi huuita baridi yabisi, ila hautokani na baridi ya hewa). Uvimbe mwekundu wenye homa usilale nao nyumbani.

Miezi mitatu ikipita bila mabadiliko, nenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia, na uende na zile kandambili za zamani. Jinsi zilivyolika humwonyesha unavyokanyaga.