Kabla ya kununua jiwe la dhahabu, lipeleke kivulini

Wanaoanza kununua mawe ya dhahabu kule Geita huletewa jiwe jua likiwa la utosi, muuzaji akiligeuzageuza mpaka mnunuzi aone vimulimuli. Ukiletewa hivyo, omba maji, lioshe, liache likauke, kisha lisogeze kivulini. Tafadhali usitoe hela kabla ya hapo.

Juani kila kitu kinameta. Kivulini ndipo madini yanapoachana. Punje ya dhahabu, hata uigeuze vipi, inabaki na manjano yake yaleyale. Ulanga, yaani maika, humeta ukielekea kwenye nuru tu. Inamisha jiwe kidogo, unazimika, kwa sababu ni tabaka bapa zinazorudisha nuru upande mmoja. Pairaiti, madini ya chuma na salfa yanayofanana na dhahabu, nayo humeta uso mmoja mmoja, na manjano yake yamepauka.

Siri iko ndani ya madini yenyewe. Dhahabu ina elektroni huru zinazorudisha sehemu kubwa ya nuru isipenye, ndiyo maana haipitishi mwanga. Jiwe jeupe la kwatzi linaloizunguka huipitisha nuru na kurudisha asilimia 4 hadi 5 tu, hivyo linang'aa kama kioo cha dirisha. Almasi hurudisha kama asilimia 17. Lakini ikiwa ghafi, haijakatwa, huonekana kama imepakwa mafuta, na naumia sana nikisikia mtu kauziwa kipande cha chupa akidhani ni almasi, kwa kuwa tu kilikuwa kinawaka.

Pairaiti ndiyo inayosumbua zaidi, maana nayo ina mng'ao wa metali. Hapo tembea na kipande cha kigae. Kwaruza jiwe kwenye upande wa nyuma wa kigae, usiopakwa rangi ya kung'aa: dhahabu huacha mstari wa manjano, pairaiti huacha mweusi wenye ukijani. Ukiwa na sindano, bonyeza punje taratibu. Dhahabu itabonyea, pairaiti itamomonyoka, ulanga utabanduka kama ganda la kitunguu.

Ila jiwe likionyesha pairaiti tupu, usilitupe. Kwenye miamba ya Geita dhahabu mara nyingi hukaa pamoja na pairaiti, nyingine ikiwa chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Saga sampuli, ipeleke maabara ipimwe, na bei mpatane majibu yakishatoka.