Paneli 4 Juu ya Karavani, na Bado Nililala Gizani

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, nimepata karavani, nataka kuitia sola kabla ya safari. Niweke paneli ngapi?" Swali fupi, lakini lilinigusa kidonda. Miaka 3 iliyopita nililiuliza vilevile, neno kwa neno, na fundi niliyemuuliza alijibu kabla sijamaliza: "Nne."

Nikaweka nne, wati 100 kila moja. Habari za kuzipandisha juu sitasimulia. Ngazi, jua, matusi, basi. Jioni nilikaa kitini nje nikilitazama paa langu kama mtu aliyemaliza ghorofa. Shemeji yangu alikuwepo. Akaushika waya unaoshuka kutoka juu, akaubinyabinya, akauliza, "Shem, huu utaweza kweli?" Nikamjibu waya ni waya. Jibu hilo amenirudishia kwenye kila sherehe ya ukoo tangu siku ile.

Usiku wa pili wa safari friji ilizima. Asubuhi nyama inanuka, mke wangu yuko kimya (wenye ndoa mnakijua kimya hicho), na mita niliyoiweka kwenye betri inasoma volti 11.6. Paneli zipo juu, jua lipo juu, umeme hakuna. Nilirudi nyumbani kabla ya siku zangu nikiwa na hasira na dunia nzima, kwanza yule fundi.

Ilinichukua miezi kukubali kwamba sehemu kubwa ya hasira zile nilistahili mimi mwenyewe.

Nilipotulia nilichukua kalamu, kitu ambacho nilipaswa kukifanya kabla ya kugusa ngazi. Friji yangu ya kompresa inakula kama wati 45 ikinguruma, na kwenye joto hunguruma nusu ya siku: wati-saa 540. Feni 160. Taa na pampu ya maji 70. Kompyuta 200. Hadi hapo ni 970, siyo mbaya. Kisha inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Nilikuwa naiacha imewashwa usiku na mchana, na yenyewe tu, bila kazi yoyote, inakula wati 12. Zidisha kwa saa 24 upate 288. Yaani kitu ambacho hakinifanyii chochote kilikuwa kinakula kuliko kompyuta inayonilisha. Jumla 1,258.

Betri nilikuwa nazo mbili za asidi, volti 12 na ampea-saa 100 kila moja. Kwenye karatasi ni wati-saa 2,400, lakini betri ya asidi ukiizoesha kushuka chini ya nusu unaiua. Kwa hiyo zangu ni 1,200. Nilikuwa namaliza akiba yote kila siku, nikitegemea jua la kesho liijaze upya kwa kupitia waya ule.

Sasa tuuseme huo waya. Paneli zangu nilizifunga sambamba, kila moja ampea 5 na nusu, jumla 22. Waya ulikuwa wa milimita za mraba 2.5, mita 6 hadi kwenye betri, yaani mita 12 kwenda na kurudi. Ampea 22 zikipita hapo unapoteza karibu volti 2. Mtu atasema paneli inatoa 18, zikitoka 2 si zinabaki 16? Hizo 18 ni za maabara, paneli ikiwa na joto la nyuzi 25. Mimi nilizilaza zimegusana na paa, hewa haipiti chini, na mchana zilifika nyuzi 60 hivi. Kwa joto hilo 18 inakuwa kama 15 na nusu. Toa 2 za waya, zinabaki 13 na nusu. Betri ya asidi inataka kama 14.4 ili ijae, na kontrola yangu, kifaa kinachosimamia umeme wa paneli unavyoingia kwenye betri, ilikuwa ya bei rahisi, aina ya PWM, isiyo na uwezo wa kuongeza kilichopungua. Paneli moja tena niliiweka pembeni ya kiyoyozi, kuanzia alasiri inakaa kivulini. Hata ningeongeza paneli nyingine nne, waya ungezidi kupata moto na nyama ingeoza vilevile.

Nilifumua kila kitu. Paneli nimezifunga mbilimbili kwa mfululizo, volti zimepanda mara mbili na ampea zimeshuka nusu, hivyo umeme unaopotea kwenye waya ni robo ya ule wa zamani. Hata hivyo waya niliununua mnene, sikutaka tena kuulizwa. Kontrola ni ya MPPT, aina inayoshusha volti za ziada na kuzigeuza ampea za kuchaji betri. Breketi zimeinua paneli, mkono unapita chini yake. Betri ni za lithiamu, zile za LiFePO4. Ni ghali, na anayelala kwenye baridi kali ajue hazichajiwi chini ya nyuzi 0. Inveta naiwasha nikiwa na kazi nayo. Mwezi uliopita tumekaa siku 9 bila kuchomeka popote. Siku 9! Mke wangu alitengeneza barafu.

Na ndugu zangu, tuambiane ukweli. Sisi tunaopenda kulala mbali na watu tuna kiburi. Tunataka picha ya paneli juu ya paa kabla ya kujua tunakula nini humo ndani. Hesabu kwanza. Halafu waya. Nasema tena, waya. Weka fyuzi karibu kabisa na betri. Kontrola iunge na betri kwanza, paneli baadaye, na ukiwa unaunga zifunike blanketi, maana paneli iliyo juani ina umeme muda wote, haina swichi. Usione haya kumsikiliza shemeji.

Nimesahau matundu. Paa langu ni la mpira, na mara ya kwanza niliziba matundu ya skrubu kwa silikoni ya kawaida. Silikoni haishiki vizuri kwenye mpira ule. Ilibanduka polepole bila mimi kujua, hadi mbao za dari zikalainika na doa la kahawia likatokea juu ya mto wangu. Sasa chini ya kila breketi kuna utepe wa butili, mpira laini unaonata, na juu ya kila skrubu nimemwaga gundi ya paa, ile inayojitandaza yenyewe, na kabla ya kila safari ndefu napanda kuikagua. Mbao nimebadilisha.

Kwa hiyo, kaka uliyeniandikia, idadi sikupi. Nitumie orodha ya vitu vyako na saa unazovitumia, pamoja na urefu wa waya kutoka paani hadi kwenye betri. Pima kwa kamba ukiipitisha njia ambayo waya utapita, usikadirie kwa macho.