Usioshe sufuria kwanza

Miaka kadhaa iliyopita tulirudi kutoka kwenye shughuli ya ndugu, na kabla ya alfajiri nyumba nzima ilikuwa kwenye foleni ya choo. Nikafanya wanachofanya wengi: nikameza antibayotiki, sipro na flajili zilizobaki kabatini, kisha nikaosha ile sufuria ya pilau tuliyofungiwa. Siku ya tatu, bado hoi, ndipo nikapeleka choo maabara. Wakakiotesha waone kama kuna bakteria, hakikuota kitu. Mpaka leo ukoo unamlaumu mpishi, na mpishi anailaumu kachumbari.

Kosa langu nililielewa niliposoma yaliyotokea Afrika Kusini. Mwaka 2017 na 2018 listeria, bakteria anayeingia kupitia chakula, iliua watu zaidi ya 200, wakiwemo vichanga wengi. Mdudu huyu anaweza kukaa mwilini hadi siku 70 kabla ya kukuangusha. Nani anakumbuka alichokula miezi miwili nyuma? Januari 2018 watoto wa chekechea moja ya Soweto waliugua tumbo, na choo cha mmoja wao kikaonesha listeria. Maafisa wa afya wakaenda kufungua friji ya chekechea, wakakuta poloni, ile soseji nene ya kukata vipande. Vinasaba vya listeria ya kwenye poloni viliposomwa, ikawa ni ST6, aina ileile iliyokuwa imewalaza wagonjwa wengi nchini. Msako ukafika kwenye kiwanda cha poloni hiyo huko Polokwane, na tarehe 4 Machi waziri wa afya akakitangaza kuwa ndicho chanzo.

Bakteria hujigawa, kwa hiyo waliotoka chungu kimoja vinasaba vyao hufanana karibu herufi kwa herufi. Ila alama ya vinasaba vya bakteria wa mgonjwa peke yake haikupeleki popote. Lazima ipatikane na ya chakula. Mimi nilikuwa nimeziharibu zote mbili, moja kwa dawa, nyingine kwa kuosha sufuria.

Basi mkiugua wengi, kiporo kitie kwenye kikopo safi, kiweke friji, andika USILE (kwangu hata hiyo haitoshi). Pakiti yenye namba ya toleo usiitupe. Nenda kituo cha afya mapema, omba kipimo cha choo kabla ya antibayotiki. Ukiona damu, homa kali au mtoto amelegea, hayo yote yaache, kimbia hospitali.

Shughuli ya mwezi uliopita nilibana kidogo cha kila chakula. Hakuna aliyeugua. Siku ya nne nikamwaga.