Boksi linasema 6 Gb/s, Windows inasema 38 MB/s: kosa liko wapi?

Swali: Fundi, salaam. Mimi ni mpiga video wa harusi. Nimenunua SSD, yaani diski isiyozunguka, ya 1 TB inayotumia muunganisho wa SATA, boksi lake limeandikwa 6 Gb/s, nikaiweka kwenye kasha la nje la USB 3.0. Waya wa kasha ulipotea, kwa hiyo natumia waya wa kuchajia simu, nao unaingia vizuri tu. Juzi nimehamisha video za GB 64 kutoka kwenye laptopu. Kwa hesabu yangu, 64 gawanya kwa 6 ni kama sekunde 11. Imechukua karibu nusu saa, na Windows ilionyesha 38 MB/s mwanzo hadi mwisho. Rafiki yangu mmoja anasema nilitakiwa kupata 750, mwingine anasema 600. Je, nimeuziwa diski feki?

Jibu: Ndugu yangu, kwa maelezo yako sioni dalili yoyote ya ufeki. Hiyo 38 peke yake inanionyesha kosa lilipo, lakini nitakufikisha huko kwa hesabu, maana utaihitaji kila unapoenda dukani.

Anza na herufi. b ndogo ni biti, B kubwa ni baiti, na baiti moja ni biti 8. Watengenezaji huandika kasi ya njia kwa biti. Windows hukuonyesha kasi ya faili kwa baiti. Ndivyo ilivyo hata kwenye intaneti ya nyumbani: kifurushi cha Mbps 20 hakiwezi kukushushia faili kwa zaidi ya MB 2.5 kwa sekunde. Basi 6 Gb/s, yaani biti bilioni 6 kwa sekunde, ukigawanya kwa 8 unapata MB 750. Rafiki yako wa kwanza ameishia hapo.

Wa pili ndiye aliyepatia, na sababu yake naipenda sana. Katika waya wa SATA hakuna uzi wa pekee wa kubeba mapigo ya saa. Chipu inayopokea hujua biti moja imeishia wapi na nyingine imeanzia wapi kwa kufuatilia umeme unavyopanda na kushuka. Sasa chukulia faili lina sifuri 500 mfululizo: umeme umetulia, mpokeaji anapotea hesabu. Mwaka 1983 wataalamu wawili wa IBM, Al Widmer na Peter Franaszek, walichapisha dawa yake: kila biti 8 zifungwe ndani ya alama ya biti 10, iliyochaguliwa ili umeme usikae umetulia muda mrefu na idadi ya 0 na 1 isipishane sana. SATA hutumia ufungaji huo. Biti bilioni 6 zinapita kweli, ila katika kila 10, zako ni 8 tu. Kwa hiyo usigawanye kwa 8, gawanya kwa 10 moja kwa moja: MB 600 kwa sekunde.

USB 3.0, iliyotoka mwaka 2008, hufunga vivyo hivyo, hivyo 5 Gb/s yake ni MB 500. SSD yako ina njia ya 600 lakini inatokea mlango wa 500. Ukitoa maagizo, majibu na ukaguzi wa makosa vinavyosafiri pamoja na data, SSD nzuri ya SATA kwenye kasha kama hilo hucheza kati ya 400 na 450.

Lakini tafadhali usiibebe kanuni ya kugawanya kwa 10 kila mahali. SSD za NVMe, aina nyingine yenye kasi zaidi, hupita PCIe, muunganisho wa ndani ya kompyuta wenye njia kadhaa sambamba, na kasi yake huandikwa GT/s, yaani mabilioni ya biti ghafi kwa sekunde katika kila njia. PCIe 3.0 ni 8 GT/s, na hapo biti 128 hufungwa ndani ya 130, upotevu mdogo mno. Njia moja inatoa MB 985, njia nne MB 3,938. Ukigawanya kwa 10 utapata 3,200 na utakuwa umejipunja. USB ya 10 Gb/s hufunga 128 ndani ya 132, nayo inatoa MB 1,212.

Sasa turudi kwenye 38 yako. Hiyo ni kasi ya USB 2.0, toleo lililotangulia USB 3.0. USB 2.0 ni 480 Mb/s, na haifungi 8 ndani ya 10, hivyo kwa kugawanya kwa 8 unapata 60. Hata hiyo 60 huifikii. Muda wake hukatwa vipande 8,000 kwa sekunde, na kila kipande hubeba pakiti za data zisizozidi 13 za baiti 512. Zidisha: 13 × 512 × 8,000 ni baiti 53,248,000. Hiyo MB 53 ndiyo dari. Diski za kawaida huishia 30 hadi 40. Umo humo humo.

Mhusika ni waya wa simu. Tazama tundu la kasha lako kwa karibu: ni pana, lina sehemu mbili, moja kubwa na moja ndogo pembeni. Waya wa simu unaingia kwenye ile kubwa bila shida, kwa sababu tundu liliundwa liupokee pia waya wa USB 2.0. Ile ndogo, yenye miguu mitano inayobeba kasi ya USB 3.0, inabaki wazi.

Hata nusu saa yako inatoka sawasawa. MB ya Windows ni baiti 1,048,576, na GB 64 ni MB kama hizo 65,536. Gawanya kwa 38: sekunde 1,725, karibu dakika 29. (Ukiona diski ya 1 TB inaonyesha GB 931, ni kipimo hicho hicho, hujaibiwa nafasi.) Kwa 400 MB/s kazi ileile ingechukua sekunde 164.

Nunua waya wa USB 3.0 wenye kichwa kipana, uchomeke kwenye tundu la laptopu la USB 3.0, mara nyingi lina ulimi wa bluu, na usukume hadi mwisho. Kasi ikivuka 53, umeshatoka kwenye USB 2.0. Ikigota karibu na 100, angalia kama laptopu inasoma kutoka kwenye diski ya kuzunguka, maana hapo chanzo ndicho kizito. Ikianza 400 kisha ikaporomoka baada ya GB kadhaa, akiba ya haraka ndani ya SSD imejaa, iache imalize. Usichomoe katikati, na ikimaliza itoe kwa amri ya Windows kwanza. Harusi ya watu hairudiwi.