Ukikutana na neno manducate: kwa wanaoanza kutafsiri

Wadogo zangu mnaoingia katika kazi ya kutafsiri Kiingereza cha zamani, iko siku mtakutana na manducate. Kamusi itawaambia ni kutafuna. Ni kweli, lakini msiandike bado. Angalieni kwanza maandishi ni ya karne gani na yanamhusu nani.

Asili yake ni Kilatini, manducare, na hapo mwanzo lilikuwa jambo la meno na taya. Katika maigizo ya Waroma alikuwamo Manducus, mhusika wa kuchekesha mwenye taya kubwa. Baadaye watu wa kawaida wakalitumia kwa maana ya kula tu, hata likalisukuma kando edere, neno la zamani la kula. Kifaransa kikapata manger, Kiitaliano mangiare. Msomaji wa Bukavu aliyesoma Kifaransa hulitamka manger bila kuwaza meno ya mtu.

Hapo ndipo penye hatari. Katika Misa ya Kilatini padri husema "Accipite et manducate", yaani twaeni mle. Hakuna anayeagizwa kutafuna. Wanateolojia wa Ulaya wa karne ya 16 na ya 17 walibishana vikali: je, mwili wa Kristo huliwa kwa kinywa au kwa imani? Katika vitabu vya Kiingereza vya mabishano hayo utakuta manducation. Ukiandika "kutafuna" utaivuruga hoja na kumkwaza muumini bure. Mimi huandika kula. Kupokea ni neno la heshima, ila linauficha ule ugomvi wenyewe wa kinywa na imani.

Kwenye elimu ya wadudu, tafuneni kwa raha. Nondo Manduca sexta, ambaye kiwavi wake hula majani ya tumbaku na ya mnyanya, jina lake limetoka kwenye shina hilohilo na lina maana ya mlafi.

Kazi ngumu zaidi ni pale mwandishi anapomweka mtu wa kawaida mezani kisha akasema ana-manducate nyama, ilhali chew lipo. Mara nyingi huyo anataka maringo au mzaha. Kutafuna kunabeba maana, maringo yanapotea. Msikimbilie kumung'unya au kucheua kwa sababu tu yana ladha: la kwanza linamleta kibogoyo, la pili linamleta ng'ombe. Acheni tafuna mahali pake, maringo myaweke kwenye maneno yanayolizunguka: "bwana mkubwa akaiamkua nyama, akaitafuna kwa taadhima."